Karatasi za Wasanifu na Mabanda ya Dago

Shungimbili ni kisiwa kidogo kaskazini magharibi ya Mafia, chenye eneo la hekta 8 hivi. Mtu akishika ufuo wake kwa mwendo wa taratibu hukimaliza chote maji hayajageuka. Jina lake ni la watu wa chomboni: shungi ni fungu la nywele au la manyoya lisimamalo utosini, na huenda ndivyo vichaka vyake vilivyomjia machoni aliyekitazama kwanza kutoka baharini. Mwaka 2007 kisiwa hiki, pamoja na wenzake Nyororo na Mbarakuni, kilitangazwa na serikali kuwa eneo tengefu la bahari. Mwaka 2016 likafunguliwa juu yake jumba moja la wageni, mali ya familia ya Kiswidi, na tangu hapo matangazo ya utalii hukiita Thanda. Kundi moja la wageni hukodi kisiwa kizima, likakaa lenyewe na bahari.

Jumba la namna hiyo halisimami siku hizi bila karatasi. Sheria imeiweka kazi ya usanifu majengo na ukadiriaji majenzi mikononi mwa watu waliosajiliwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo hudai tathmini ya athari kabla mradi mkubwa wa pwani haujaanza. Kwa hiyo nyumba huzaliwa kwanza mezani: ramani ya sakafu, michoro ya pande zake, mkato unaoonyesha ukuta na paa, makadirio, mikataba, vibali, barua za kwenda na kurudi. Nyumba ikianguka, karatasi zaweza kubaki. Isipojengwa kabisa, karatasi hubaki vilevile, na msomaji wa karne ijayo atajua kwamba palikuwa na nia.

Lakini visiwa vya namna hii vilikuwa na nyumba kabla ya hapo. Wavuvi wa pwani hii huhama na misimu. Hupakia nyavu, maji, unga na chumvi, wakatweka, wakaenda kupiga dago katika visiwa vidogo ambavyo hakuna akaaye mwaka mzima. Huko huvua, hupasua samaki, humkaanga au humwanika, na baada ya wiki au miezi hurudi kwao. Banda la dago ni fito chache, makuti, pengine tanga kuukuu lililotandikwa juu ya mapondo. Linampa mvuvi kivuli mchana na kumkinga umande usiku. Hakuna aliyelichora wala aliyeliombea kibali, na mvua za masika zikishalipitia haliachi hata alama. Serikali inapokuja kuandika hali ya kisiwa, neno linaloandikwa ni moja: hakikaliwi.

Neno hilo si la uongo, ila si kweli yote. Limetokana na tabia ya kale ya wenye kalamu, ya kuiamini nyumba pale tu ilipo na karatasi. Ili kuielewa tabia hiyo, inafaa kuvuka bahari hadi Dar es Salaam na kutazama makabati ya watu ambao kazi yao ilikuwa kuzalisha karatasi za nyumba.

Kampuni za wasanifu majengo zilizoanzishwa na wazalendo wa Tanganyika hazikuwa nyingi. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1921, mtoto wa jamii ya Wagoa, alisomea usanifu Bombay, akarudi kwao akafungua ofisi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wateja wake wa kwanza walikuwa jumuiya na makanisa: klabu ya Wagoa, iliyoitwa Goan Institute, shule ya Mtakatifu Xavier huko Chang'ombe. Baadaye, baada ya uhuru, alichora kanisa la pamoja la Wakristo katika mlima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Beda Amuli alikuwa mdogo kwake kwa miaka 17 hivi. Yeye alisomea Haifa, Israeli, na alipofungua kampuni yake mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki yote kusimama kama msanifu majengo mwenye ofisi yake mwenyewe.

Jalada la mradi katika ofisi za namna hiyo ni kitu kinene. Ndani yake mna michoro ya wino juu ya karatasi angavu, nakala za rangi ya samawati zilizopelekwa kwa mkandarasi, makadirio yaliyopigwa taipu, hati za malipo, na barua. Barua ndizo zenye utamu. Humo mteja hulalamika juu ya gharama, mkandarasi huomba radhi kwa kuchelewa, na msanifu hujibu wote wawili kwa adabu inayozidi kuwa kavu kila wiki inavyopita. Msomaji mwenye subira atasoma humo historia ya nchi iliyokosekana katika hotuba. Ataona mteja akibadilika: kabla ya 1961 ni jumuiya, mfanyabiashara au misheni, baada ya Azimio la Arusha la 1967 ni shirika la umma. Ataona saruji ikitoka nje kwa meli, kisha kuanzia mwaka 1966 ikitoka Wazo Hill. Dirisha la vioo hugeuka kuwa tofali za matundu, na sababu yake yaweza kuwa jua, fedha za kigeni, au yote mawili.

Karatasi hizi hazina mlinzi. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inahusu hasa kumbukumbu za ofisi za umma. Jalada la kampuni binafsi ni mali ya kampuni, na kampuni ya msanifu kwa kawaida ni mtu mmoja na jina lake. Akizeeka, ofisi inapungua. Akifa, mwenye nyumba anataka chumba chake. Wanawe wanakuta mitungi ya wino iliyokauka na mabunda ya karatasi zenye urefu wa pima moja, na hakuna kati yao aliyesomea kazi ile. Kisha kuna mchwa, unyevunyevu wa pwani, na paa linalovuja, ambalo lenyewe pengine lilichorwa ofisini humo. Karatasi nzuri haikosi kazi mjini: itafungia njugu, itazibia dirisha, itawashia jiko.

Mtu aweza kuuliza hasara iko wapi, maadamu nyumba zenyewe zimesimama. Jibu lilipatikana usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua. Soko hilo ndilo kazi ya Amuli inayojulikana kuliko zote. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduka, inayokinga mvua na kuiteremsha ndani ya nguzo hadi matangini. Chini ya ardhi kuna sakafu nzima ya biashara ambayo watu wa mjini huiita Shimoni. Mawazo yake ni ya soko la kijijini, ambamo kila mwuzaji ana kivuli cha mti wake. Jengo la namna hiyo likishapigwa na moto, maswali ya kwanza ya mhandisi ni ya karatasi: nondo zimepita wapi, zege lina unene gani, maji yanashuka kwa njia ipi. Penye mchoro husoma. Pasipo na mchoro hutoboa na kukisia. Wafanyabiashara walioondolewa pale walikuwa wakingoja jibu hilo huku wakipanga kodi mahali pengine, na huenda wengi wao hawakupata kujua kwamba sehemu ya riziki yao ilikuwa imelala katika bunda la karatasi.

Karatasi nyingine za nyumba zetu haziko kwetu kabisa. Jumba la mikutano la Kenyatta mjini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1973, lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, akishirikiana na David Mutiso wa Wizara ya Ujenzi ya Kenya. Kituo cha elimu cha Kibaha kilianza mwaka 1963 kama zawadi ya nchi za Nordi kwa Tanganyika mpya. Mwaka 2014 makumbusho ya taifa ya Norwei iliandaa maonyesho huko Venice juu ya majengo hayo na wenzao wa Tanzania, Kenya na Zambia, na waliokwenda waliona michoro ya miji yetu ikining'inia katika ukumbi wa Ulaya. Hakuna dhambi katika hilo. Bila makabati ya Oslo, michoro mingine ingekwisha kuwa majivu. Lakini mwanafunzi wa Kibaha anayetaka kujua darasa lake lilifikiriwaje anahitaji viza.

Juhudi za nyumbani zilichelewa ila zilikuja. Mwaka 2005 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano juu ya usanifu wa Afrika Mashariki wa zama za uhuru, ulioandaliwa na jumuiya ya ArchiAfrika, na wazee kama Almeida na Amuli wakapewa heshima ya kusikilizwa wangali hai. Katika miaka ya 2010 kikaanzishwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, na makao yake yakawekwa Boma la Kale, mkabala wa bandari. Boma hilo lilijengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Yaani kituo cha kuenzi michoro kimepewa hifadhi na nyumba ya mafundi ambao hawakuhitaji mchoro.

Unguja ina bahati zaidi, kwa kuwa serikali ya himaya ilipenda kuandika. Nyaraka za Kilimani zimehifadhi mengi ya zama hizo. Jina linalorudi mara kwa mara ni la John Sinclair, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu, aliyeuchanganya ukuta wa Kizungu na kuba na matao ya Kiislamu hadi mgeni akadhani ndivyo Waswahili walivyojenga siku zote. Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925, ni lake. Mwaka 1923 H.V. Lanchester, msanifu wa London, alitoa mpango wake wa mji wa Zanzibar. Kwa majengo ya namna hiyo mtafiti hatasumbuka sana kujua nani aliagiza, nani alichora na lini.

Atakalosumbuka nalo ni nani alijenga. Pembeni mwa kila mchoro wa msanifu kuna kisanduku kidogo. Humo huandikwa jina la mradi, jina la mteja, jina la msanifu, herufi za mchoraji, kipimo, tarehe. Hakuna mstari wa mwashi. Hakuna mstari wa aliyechoma chokaa, kazi ambayo si ndogo: magogo hupangwa kwa duara, matumbawe hupakiwa juu yake, moto hutiwa, kisha chokaa huachwa ilowe na kulainika siku nyingi kabla haijafaa ukuta. Hakuna mstari wa wanawake waliochota maji na mchanga, wala wa waliotwanga sakafu ya dari. Katika hati za malipo hao wote huingia kwa neno moja, vibarua, na mbele yake tarakimu. Kasoro hii si ya Sinclair peke yake, wala ya wakoloni peke yao. Kampuni za wazalendo ziliurithi mchoro na kisanduku chake kama vilivyokuwa.

Nyumba ya kale ya mwambao haikuwa na kisanduku kwa sababu haikuwa na mchoro. Hilo halina maana kwamba haikuwa na kanuni. Kipimo kilikuwa mwili: shubiri, dhiraa, pima. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti. Gogo la mkoko lililobeba dari halikuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi bila kulegea, na kwa hiyo vyumba vya majumba ya mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kutoka kwenye daka hadi ndani kabisa. Msitu mkubwa kuliko yote uliotoa boriti hizo uko mkabala na Mafia, katika midomo ya mto Rufiji. Majahazi yalizipakia huko yakazipeleka Uarabuni, na vyumba vya Ghuba navyo vikapata wembamba uleule. Mti wa Rufiji ulikuwa ramani ya nyumba kabla ya ramani.

Wapenda mashairi hawatashangaa. Neno beti, wanalolitumia kila siku, limetoka katika bayt ya Kiarabu, ambayo ni nyumba. Nusu ya bayt katika elimu ya arudhi huitwa misraa, na misraa ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Waarabu wa jangwani walilijenga shairi kama hema, wakavipa vipande vya mizani majina ya kamba na vigingi. Mshairi wa Kiswahili naye hufanya kazi kama mwashi asiye na mchoro: idadi ya mizani anayo kichwani, vina anavijua viangukie wapi, na chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti yake.

Tena yako majumba ambayo ushairi umeyatunza kuliko usanifu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, Pate ilikuwa imekwisha kuporomoka. Utenzi ule ni mawaidha kwa moyo, na ndivyo unavyosomwa; ila ndani yake mna ukaguzi wa nyumba ambao hakuna kampuni ingeufanya vizuri zaidi. Mtunzi anapita humo akitaja taa zilizokuwa ziking'aa, vidaka vilivyopangwa vyombo vya thamani, na viumbe vilivyorithi vidaka hivyo baada ya wenyewe kuondoka. Usam Ghaidan, msanifu majengo, alipochapisha mwaka 1975 kitabu chake juu ya mji wa Lamu, chenye ramani za nyumba na vipimo, vidaka vile vilipata upana na kimo. Alichokosa Ghaidan, na ambacho mchoro hauwezi kukitoa, ni sauti zilizokuwa zikijaza chumba.

Mafia haina Inkishafi yake. Ina Kua. Mji huo uko kisiwani Juani, na magofu yake yamesongwa na miti: misikiti, makaburi, nyumba za mawe, na jumba kubwa la ghorofa ambalo ngazi yake haimpeleki mtu popote sasa. Kua ilistawi katika karne ya 18. Katika miaka ya 1820 Wasakalava wa Madagaska waliushambulia, wakaua na kuteka, na waliosalia hawakuurudia. Maisha ya mjini yakahamia Chole, ambako Wajerumani, walipopewa Mafia pamoja na mwambao mwaka 1890, walijenga boma lao. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni kwa ajili ya bandari. Miezi ya mwanzo ya 1915 Waingereza walikuwa wamekwisha kuiteka Mafia, wakaitumia kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha Rufiji. Kwa mabadiliko yote hayo zipo karatasi. Kwa Kua, wakati ilipokuwa hai, mtu hana pa kwenda ila kwenye simulizi.

Na simulizi iliyo maarufu kuliko zote ni kisa cha majenzi. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani, mji uliokuwa ncha ya magharibi ya Mafia, waliunda chombo, wakawaalika jirani zao wa Kua waje washerehekee kushuliwa kwake. Siku ya kushua waliwakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani, chombo kikapita juu yao. Kua walinyamaza. Miaka ikapita, hata watu wa Kisimani wakadhani jambo limesahauliwa, ndipo ikaja kadi ya harusi, kama mtu angesema leo. Watu wa Kua walikuwa wamejenga chumba chini ya ardhi. Wageni wakaingia, chakula kikaletwa, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hata akabaki mzee mmoja tu anayewazungumza wageni wasishtuke. Nyuma yake mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa.

Wanahistoria hukipokea kisa hiki kwa tahadhari, na wana haki. Lakini kinastahili kutazamwa kwa jicho la wajenzi. Waunda chombo wamo, walioaminiwa kushua bila ajali. Yumo mwashi, aliyechanganya chokaa kimya kimya na kupanga mawe upesi. Kumbukumbu ya watu imemweka fundi mahali ambapo kisanduku cha mchoro hakikumpa hata mstari. Imempa na lawama yake pia. Chumba kile hakuna aliyekipata. Kisimani kwenyewe bahari imekula sehemu kubwa ya mji, na kilichobaki kilichimbwa na Neville Chittick, mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali ya Tanganyika, aliyechapisha taarifa yake mwaka 1961.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1966, Peter Garlake, ambaye elimu yake ya kwanza ilikuwa ya usanifu majengo, alichapisha kitabu juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani ya Afrika Mashariki. Alitembea na kamba ya kupimia kutoka gofu hadi gofu, Kua ikiwamo, akachora ramani za misikiti na nyumba kana kwamba yeye ndiye aliyeombwa kuzijenga. Mambo yakapinduka: mchoro ukaja nyuma ya nyumba, zaidi ya miaka 100 baada ya paa kuanguka. Ni kazi ya heshima kubwa. Mizizi inaendelea kuzipasua kuta za Kua, na ukuta ulioanguka mwaka huu waweza kuwa umesimama wima katika kurasa zake. Hata hivyo ramani ya Garlake haikuweza kusema ni chumba gani bibi arusi alikaa siku saba, wala ni kidaka gani kiliwekwa msahafu.

Basi iwapo gofu la karne mbili laweza kupimwa, banda la dago laweza pia. Hapa ndipo suala la Shungimbili linapoacha kuwa la wapenda mambo ya kale. Kisiwa kikiandikwa kuwa hakikaliwi, atakayekuja na jalada nene atakuwa na neno, na aliyekitumia kila msimu, na pengine babu yake kabla yake, hana karatasi ya kuweka mezani. Uhifadhi wa matumbawe na wa mazalio ya samaki una hoja nzito, nao wavuvi wanajua kuliko wengi madhara ya baruti na nyavu za kukokota. Kinachogombaniwa ni kidogo kuliko hapo: kwamba historia ya kisiwa isianze mwaka ambao mchoro wa kwanza ulipigwa mhuri.

Kazi ya kulipima dago si ngumu. Inahitaji kamba, daftari na msimu mmoja. Fito ngapi, kutoka msitu gani. Makuti mangapi, yamesukwa na nani na kwa bei gani. Mlango umeelekea wapi kwa kaskazi na wapi kwa kusi. Jiko liko upande gani wa upepo, chanja la samaki liko umbali gani na mahali pa kulala. Nani hulala karibu na chombo. Wasanifu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi wangeyamaliza hayo kwa mwezi mmoja, wakaondoka wakijua namna ya kujengea upepo kuliko darasa lolote litakavyowafunza. Wazee wa kuulizwa wapo, ila hawangoji.

Wako Jibondo, kwa mfano. Kisiwa hicho cha kusini ya Mafia kina sifa ya mafundi wa vyombo wanaoliunda jahazi kwa jicho, bila mstari mmoja wa kalamu, kuanzia mkuku hadi mlingoti. Ukimwuliza fundi ramani iko wapi atakuonyesha chombo kingine kilichoko majini. Kisiwani humohumo kuna msikiti mkubwa, na husimuliwa kwamba miimo yake ya mbao iliyochongwa ilitoka katika majumba ya Kua, ikavushwa kwa mashua ule mji ulipokwisha kuwa mtupu. Mbao hizo hazimo katika jalada la kampuni yoyote. Watu huzipita mara tano kwa siku, wakiweka viatu chini yake.

Kutoka Jibondo, vyombo huenda dago vikiwa na nyumba ndani. Wakifika, wavuvi huyasimamisha mapondo mchangani, wakafunga tanga juu yake kwa kamba ileile iliyolivutia mlingotini, na chumba kikawa tayari kabla ya magharibi. Siku ya kuondoka kamba hufunguliwa, tanga hupanda mahali pake, na nguzo za nyumba hurudi mikononi, zikasukuma chombo nje ya maji mafu.